Chozi wa Amani au mshonaji mdomo mrefu: uanze na yupi?

Mdogo wangu wa Pangani kapata darubini. Ni ya mtumba, kioo kimoja kina ukungu pembeni, lakini ni darubini. Akanipigia usiku: "Kaka, ruhusa yangu ni siku mbili tu. Nataka kupanda Amani nikatafute ndege mmoja ambaye nikirudi nitasema nimemwona. Nimtafute nani?" Nikamtajia wawili, kila mmoja na sifa zake na taabu zake, kwa urefu. Alipochoka kunisikiliza akasema, "Shikamoo kaka, sasa chagua."

Nimekaa nikafikiri. Swali lake wanaliuliza wengi wanaopanda kutoka Tanga mjini au wanaoteremka Muheza wakiwa na mkoba mgongoni. Msitu wa Amani, katika Usambara Mashariki, una ndege wengi mno kwa mtu mwenye siku mbili. Ukiingia bila nia utatoka na shingo inayouma na picha za majani. Afadhali uingie ukiwa na jina moja kichwani. Wangu mimi ni hawa wawili: chozi wa Amani, na ndege mdogo mwingine wa rangi ya vumbi ninayemwita mshonaji mdomo mrefu. Chozi ni jina la siku nyingi, kila mtoto wa pwani analijua. Hata pale nyumbani Ngamiani, Tanga mjini, chozi wa kawaida wanakuja kwenye maua ya uani. Huyo wa pili hana jina la mtaani. Nimelitafsiri tu jina analoitwa vitabuni, mniwie radhi.

Wote ni wadogo, urefu wao ni kama sentimita 8 mpaka 11 hivi, na uzito ni gramu chache tu. Ukimshika mmoja kiganjani, jambo ambalo usilifanye, usingehisi kitu. Kufanana kwao kunaishia hapo.

Kwa macho

Chozi dume ni wa kupendeza. Kichwa, koo na mgongo ni vyeusi mpaka jua limpige. Hapo ndipo unaona kijani na bluu vinang'aa kama mafuta juu ya maji. Tumbo ni jeupe. Mpaka kati ya giza la kifua na weupe wa tumbo umekatwa sawasawa, ndiyo maana mimi humwona kama mzee aliyevaa kizibao cheusi juu ya kanzu. Pembeni mwa kifua ana vishungi vya rangi ya chungwa, lakini huvificha. Ukiviona, jihesabu una bahati. Jike hana mapambo hayo: mgongo kijivu, chini weupe hafifu, mkia wa giza. Mdomo wao umepinda kama wa chozi wote ila ni mfupi.

Tatizo ni kwamba Amani ina chozi wa namna nyingi, na wote wanakaa juu, na wote unawaona kwa chini. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Usihangaike na mgongo, huwezi kuuona. Tazama tumbo. Likiwa la njano, na kati ya koo la kijani na tumbo kuna mstari mwembamba wa zambarau, huyo ni yule chozi wa kawaida mwenye mkufu. Yupo kila mahali, kuanzia bustani za mjini mpaka msituni, na ndiye anayeshangiliwa kimakosa kuliko wote. Likiwa la kijivu hafifu, koo nalo si la giza, na kifuani pamepita utepe mwembamba mwekundu, huyo ni chozi wa kijani mwenye utepe, naye ni wa milima hii ya mashariki ya Tanzania, si wa kudharau hata kidogo. Likiwa la kijivu tangu kooni, lakini akigeuka mgongo unatoa zambarau, ni mwingine tena. Wa Amani ni yule mwenye koo la giza na tumbo jeupe. Koo giza, tumbo jeupe: yaseme mara tatu njiani kutoka Muheza.

Jike je? Kwa siku mbili za kwanza mwache. Ukimwona akifuatana na dume, sawa; akiwa peke yake utabishana na nafsi yako mpaka jioni.

Mshonaji hana cha kumsifia kwa rangi. Juu ni kijivu kilichochanganyika na hudhurungi, chini ni kijivu kilichopauka, kichwani ana dalili ya kutu usiyoiona mpaka uambiwe. Mkia mrefu kiasi, mwembamba. Kitu kimoja tu kinamtambulisha, nacho ni mdomo: mrefu, mwembamba, ulionyooka, mkubwa kuliko unavyoutegemea kwa ndege wa kimo kile. Mtu aliyekulia karibu na mashamba ya mkonge ataelewa nikisema ni kama shazia, ile sindano ya kushonea magunia, imechomekwa kwenye uso wa ndege. Ukishauona mdomo ule pamoja na ile rangi ya kijivu, ni vigumu kumchanganya na ndege wengine wa vichakani pale Amani.

Jina la ushonaji nalo lina kisa chake. Alipewa kwa kufananishwa na ndege wa Asia wanaoshona majani kwa nyuzi ili kupata kiota, na kwa muda mrefu aliwekwa katika ukoo wao. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha si ndugu zao wa karibu. Halafu pale pale vichakani anaishi mdogo mwingine, mgongo wa kijani, mkia mfupi alioubinua, ambaye kiota chake kweli kinaunganishwa kwa majani yaliyoshonwa kwa nyuzi na utando wa buibui, lakini yeye jina la fundi hakupewa. Mtamjua kwa sauti: analia kama mtoto wa mbuzi aliyeachwa zizini. Mara ya kwanza nilitafuta mbuzi.

Juu kwenye matawi, chini kwenye mitambaa

Chozi wa Amani anaishi kwenye vilele vya miti. Anazunguka kwenye vitawi vya mwisho kabisa, anachokoa wadudu na buibui katikati ya majani, na maua yakiwapo anafyonza utamu wake. Mara nyingi hayuko peke yake. Ndege wa aina mbalimbali hutembea msituni pamoja kama msafara wa harusi, wengine juu, wengine kati, na chozi wetu anaweza kuwa ndani ya kundi hilo. Kwa hiyo unaweza kukaa saa nzima msitu ukiwa kimya kama msikiti baada ya isha, kisha ghafla matawi yote yanatikisika, na baada ya dakika tano wameshapita. Ukiwa umeinama unafunga kamba za viatu, pole.

Hapa nitatoa siri ambayo si siri. Ili umwone ndege wa kileleni, usisimame chini ya mti. Tafuta mteremko. Amani ni ya vilima. Simama juu ya barabara ambapo vilele vya miti ya bondeni vinakuja usawa wa macho yako. Mahali pengine pazuri ni uwazi wa zamani: kando ya majengo ya kituo cha utafiti na kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani, ambao walifungua taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo pale mwaka 1902. Miti imesimama kwa nafasi, na unaweza kuuona mti mzima, juu mpaka chini, ukiwa umekaa kwenye nyasi.

Mshonaji hataki vilele wala hataki kiini cha msitu. Anapenda mahali palipovurugika kidogo: mti mkubwa ulipoanguka na mwanga ukashuka, ukingo wa barabara, mpaka kati ya msitu na shamba la chai, popote mimea itambaayo, yaani mitambaa, ilipopanda juu ya miti ikafanya pazia zito. Ndani ya pazia hilo ndimo anamopita, akijipenyeza na kuchokoa wadudu kwa ile shazia yake kwenye majani makavu na mikunjo ya mitambaa. Huwezi kumfuata ndani. Lakini huhitaji kumfuata, kwa kuwa mpaka wenyewe una njia, na njia ni tambarare.

Ndiyo hiyo inayomtia hatarini pia. Mtu akiona mitambaa imefunika miti kandokando ya shamba, mkono unamwasha. Atachukua panga asafishe. Anadhani anausaidia msitu. Niliwahi kukaa na mzee mmoja wa Kisambaa anayelima iliki, nikamwamkia, tukanywa chai yake ya tangawizi, nikamwuliza mbona kipande kile cha chini hakijafyekwa. "Mwanangu," akasema, "pale pana ndege wa wazungu." Nikamwambia, babu, ndege ni wa hapa hapa, wazungu wanakuja kumwangalia tu. Akacheka, "Basi wakija waambie panga langu limeshindwa naye."

Kwa masikio

Kwa maoni yangu, hapa ndipo mashindano yanapoisha.

Chozi wa Amani ana sauti nyembamba, ya haraka, ya juu. Kwenye kilele cha mti wa mita 30, na upepo wa asubuhi, na chozi wa aina nyingine wakilia karibu vivyo hivyo, sauti hiyo haitakusaidia mpaka uwe umeshazoea miaka. Nina rafiki anayeweza. Mimi siwezi, na sioni haya kusema.

Mshonaji anatoa noti moja kali, yenye mlio wa chuma, kisha anairudia kwa mwendo uleule, moja baada ya nyingine, bila kupamba. Inafika mbali kwa ndege mwenye mwili mdogo vile. Mara nyingi wanaimba wawili, dume na jike wakipokezana, na ukishaisikia mara moja hutaisahau. Kwa hiyo unatembea mpakani mwa chai asubuhi, unasimama kila baada ya hatua hamsini, unasikiliza. Ukimsikia, unasimama pale pale bila kutikisika na kutazama pazia la mitambaa mpaka kitu cha kijivu kisogee. Huhitaji darubini ya mamilioni. Hata ile yenye ukungu ya mdogo wangu inafaa, kwa kuwa anaweza kuwa mita kumi tu mbele yako.

Neno moja kuhusu simu. Siku hizi kila mtu ana sauti za ndege kwenye simu, anazipiga kwa nguvu ili ndege atoke. Anatoka kweli, kwa sababu anadhani mgeni kaingia nyumbani kwake. Ukifanya hivyo, na kesho akaja mwingine akafanya hivyo, na keshokutwa kikundi kizima, ndege yule anashinda akigombana na kivuli badala ya kulisha makinda. Pale Amani maeneo yake yanajulikana, ni yale yale. Sikiliza sauti ya simu nyumbani Tanga, ukiwa kitandani. Ukifika msituni izime.

Alivyojulikana

Hawa wawili wamefungamana na mtu mmoja. Reginald Moreau, Mwingereza, alifika Amani mwaka 1928 kufanya kazi za ofisini katika kituo cha utafiti. Ndege walikuwa mapenzi yake ya nje ya kazi, akakaa mpaka mwaka 1946 na kuondoka akiwa ameandika mengi juu yao. Mshonaji alipewa jina la kisayansi kwa heshima yake mwaka 1931. Chozi wa Amani akaelezwa rasmi mwaka 1935. Lakini wasomaji wa Tanga naomba wakumbuke jina lingine pia: Salimu Asmani, aliyefanya kazi na Moreau na kumtafutia ndege msituni. Macho na masikio ya watu kama yeye ndiyo yaliyoleta ndege hao mezani kwa waandishi.

Baada ya hapo mshonaji alipotea machoni mwa wataalamu kwa miongo kadhaa, akionekana kwa nadra tu. Walikuwa wakimtafuta ndani sana, kwenye msitu mzito wenye heshima, na yeye alikuwa kando ya barabara. Sauti yake ilipofahamika, ndipo watu wakaanza kumwona mara kwa mara.

Ukimkosa leo, utampata wapi kesho?

Hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Chozi wa Amani, pamoja na jina lake, si wa Amani peke yake. Yupo pia Udzungwa, na yupo Kenya katika msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Malindi, ambako anakaa kwenye miti ya mrihi, na ardhi ya huko ni tambarare. Kwa hiyo ukimkosa, una pengine pa kujaribu, na aliye na ndugu Malindi anaweza kuunganisha safari mbili.

Mshonaji, katika dunia nzima, yuko Usambara Mashariki na kwenye nyanda za juu za Njesi, kaskazini mwa Msumbiji. Basi. Hao wa Njesi walipatikana mwaka 1945, na mkusanyaji aliyewapata ni Mwafrika, Jali Makawa. Kutoka Tanga, Njesi si safari ya wikiendi. Amani ni ya wikiendi: mpaka Muheza ni lami, kama kilomita 40, kisha unapanda barabara ya vumbi kupitia Sigi, lilipo geti la hifadhi na majengo ya stesheni ya zamani ya reli ndogo ya Wajerumani.

Magari ya abiria ya kwenda juu ni machache. Mara nyingi yanaondoka Muheza mchana na kushuka alfajiri. Hili halisemwi sana, na linaua ratiba: ukipanda Ijumaa mchana na kushuka Jumapili alfajiri, asubuhi yako ya ndege ni moja tu, ya Jumamosi. Siku mbili za mdogo wangu kumbe ni asubuhi moja. Ukiwa na pikipiki au gari lako ni kisa kingine, ila masika, kuanzia Machi mpaka Mei, utelezi wa kule juu hauna adabu. Beba na sweta. Kituo kiko karibu mita 900 juu ya bahari, na Juni na Julai mtu wa Raskazone, aliyezoea joto la pwani ya Tanga, atatetemeka.

Lipa ada ya hifadhi getini na chukua mwongozaji wa pale. Si kwa ajili ya kupotea njia, kwa kuwa njia ziko wazi. Ni kwa ajili ya masikio yake.

Basi, yupi?

Kwa asubuhi moja, nenda na mshonaji. Unatembea njia iliyonyooka, unatumia masikio uliyozaliwa nayo, na ukikosa kumwona bado unaweza kumsikia, jambo ambalo kwangu linahesabika. Pia ndiye ambaye hutampata kwingine bila pasipoti.

Kwa siku tatu au nne, na shingo yenye afya, anza na chozi asubuhi ya kwanza kwenye uwazi wa bustani, ambapo utajifunza kutofautisha matumbo, kisha mshonaji siku ya pili ukishachoka kutazama juu.

Ukiwa na watoto, chozi, bila kufikiri mara mbili. Mtoto hatasimama dakika ishirini mbele ya mitambaa akingoja kitu cha kijivu. Mpe nyasi za kukaa, mpe chungwa la Muheza, mwonyeshe chozi yeyote anayeng'aa. Akiwa wa tumbo la njano usimharibie furaha.

Mpiga picha naye aende kwa chozi akiwa na lenzi ndefu na subira, au asiende kabisa. Mshonaji atampa picha mia moja za majani.

Mdogo wangu nimemwambia mshonaji. Akanyamaza kidogo kwenye simu. "Huyo wa kijivu?" Ndiyo, huyo. "Nikirudi Pangani nitawaambia nini watu?" Nikamwambia ajifunze kuiga ule mlio kwa kupiga mluzi, awapigie kwanza, halafu ndiyo awaambie rangi.